Barua ya wazi kwa wenzangu wa Jumamosi: msiache kuogelea kipepeo

Wanangu na wadogo zangu tunaoogelea pamoja kila Jumamosi asubuhi,

Assalam aleikum, na wale wa salamu nyingine, hamjambo. Nawaandikia kuhusu kipepeo, ile staili ya kurusha mikono yote miwili mbele kwa pamoja juu ya maji, kwa sababu ya maneno niliyoyasikia wiki iliyopita pale ukingoni mwa bwawa tulipokuwa tunajifuta maji. Mmoja wenu alisema, "Kipepeo ni ya vijana wenye mabega. Sisi wa miaka arobaini tubaki na chura wetu." Alimaanisha staili ya chura, ambayo mikono na miguu hufunguka kando ndani ya maji. Wengine mkaitikia. Nilinyamaza, maana kila mtu alikuwa na haraka ya kwenda kufungua duka au kuwahi nyumbani. Lakini maneno yale nimerudi nayo, na yamenikaa rohoni.

Mimi nilianza kipepeo nikiwa na miaka 51. Leo nina 68, na katika staili zote nne hakuna ninayoipenda kama hiyo. Lakini mwaka wa kwanza niliichukia. Aliyenifundisha wakati ule alikuwa na agizo moja tu: kaza, maliza bwawa. Nikawa namaliza. Mita kumi za mwanzo zilikuwa kipepeo. Kumi na tano zilizobaki zilikuwa mtu anayetapatapa, miguu imezama, shingo imenyooka juu kutafuta ukuta. Bega la kulia liliniuma miezi minne. Nikawa siwezi kushusha sufuria kutoka rafu ya juu, mke wangu ndiye ananishushia. Kwa hiyo mnaposema staili hii inaumiza, nawaelewa. Ila nataka mjue kwamba kilichoniumiza ni zile mita kumi na tano.

Ndiyo maana nasihi yangu ya kwanza ni hii: acheni kumaliza bwawa. Pigeni mapigo manne mazuri, kisha simameni, au geukieni mtindo huru, mkono mmoja baada ya mwingine, hadi ukutani. Siku mapigo manne yatakapotoka bila kupigana na maji, ongezeni la tano. Mwili hujifunza kile unachourudia, na ukirudia kutapatapa mara ishirini kila Jumamosi, utakuwa hodari wa kutapatapa.

Sasa tuje kwenye mwili wenyewe. Wengi wenu mnadhani nguvu iko mikononi. Waliokulia majini kama mimi wanajua mashua inavyopanda wimbi: omo, yaani mbele yake, ikizama, tezi, yaani nyuma yake, huinuka; omo ikiinuka, tezi hushuka. Hakuna anayeisukuma. Kifua chako ni omo na nyonga zako ni tezi. Mikono ikishaingia majini, kandamiza kifua chini kidogo, kiasi cha kiganja kimoja tu, utasikia nyonga zinapanda zenyewe. Miguu hufuata kiuno, na ndipo teke la pomboo, miguu yote miwili ikipiga pamoja, linapozaliwa. Ukilipiga kwa magoti, utachoka kabla ya kufika bendera zinazoning'inia karibu na ukuta.

Kila pigo la mikono lina mateke mawili. La kwanza huja mikono inapoingia majini, la pili inapomaliza kusukuma karibu na mapaja na kutaka kutoka. Hilo la pili ndilo linalosahaulika. Dada yetu mmoja, namwacha bila jina kwa heshima yake, alikuwa amehangaika nalo tangu kabla ya Ramadhani. Jumamosi ile nilisimama naye kwenye kina kifupi nikamwambia apige mkono mmoja tu, mwingine uwe umenyooshwa mbele, na aseme kimoyomoyo "ingia, toka; ingia, toka", teke moja kwa kila neno. Alikwenda hivyo mara sita. Mara ya saba akatoa mikono yote miwili, na nikaona kitu nilichokuwa nakisubiri: maji hayakuruka. Viwiko vilipita juu ya maji kwa ulaini, vidole gumba vikitazama chini, viganja vikaingia usawa wa mabega bila kishindo. Mapigo matatu tu. Aliposimama aliinua miwani akaniuliza, "Mzee, mbona mara hii yamenibeba?" Huyo ameshaonja. Asubuhi hiyohiyo ndipo nikasikia kwamba kipepeo si ya watu wazima.

Pumzi nayo ina adabu yake. Msiinue kichwa kama mnaochungulia ukuta wa jirani. Kidevu kibaki kimegusa maji, macho yatazame mbele na chini, pumzi ivutwe mikono inapomaliza kusukuma, na uso urudi majini kabla ya mikono. Kichwa kikichelewa juu, nyonga huzama, na pigo linalofuata unaliinua peke yako.

Kwa wale ambao viuno vyenu bado vigumu, nina habari njema. Staili hii ilizaliwa ndani ya chura. Miaka ya 1930 waogeleaji wa chura waligundua kwamba sheria haikuwakataza kurudisha mikono juu ya maji, wakafanya hivyo huku miguu ikiendelea kupiga chura. Staili hizo mbili zilitenganishwa 1952, na kipepeo ikaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Melbourne, 1956. Undugu huo bado mnauona: staili zote mbili ni lazima uguse ukuta kwa mikono miwili kwa pamoja. Na katika mashindano ya dunia ya waogeleaji watu wazima, wa miaka 25 na kuendelea, teke la chura linaruhusiwa ndani ya kipepeo hadi leo. Basi anayetaka kuanza na mikono ya kipepeo na miguu ya chura aanze hivyo bila haya.

Na msiniambie ni staili ya wageni. Mkenya mwenzetu, Jason Dunford, aliweka rekodi ya Olimpiki ya mita 100 kipepeo katika mchujo wa Beijing 2008, sekunde 51.14. Ilivunjwa muda mfupi baadaye, naye akamaliza wa tano kwenye fainali. Miaka miwili baadaye alichukua dhahabu ya mita 50 kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi. Sitazamii mkimbizane na saa yake. Nataka tu neno "kipepeo" lisiwe geni midomoni mwenu.

Jambo moja nalisema kwa ukali wa mzazi: bega likichoma kwa ndani, toka majini siku hiyo. Uchovu wa misuli ni kitu kingine, huo utaujua kwa kuwa unaisha wenyewe baada ya siku chache. Mchomo wa bega usiupuuze kama nilivyoupuuza mimi. Na kabla ya kuingia, zungusheni mikono taratibu kwa dakika tano. Baridi ya asubuhi hukaza viungo vya umri wetu.

Jumamosi hii nitafika saa kumi na mbili na nusu, kabla watoto wa mafunzo hawajajaa. Nitakuja na jozi mbili za mapezi mafupi ya miguuni, moja ya mguu mkubwa na moja ya mguu mdogo, mtapokezana. Aliyesema tubaki na chura ningependa aanze yeye, njia ya pembeni, mapigo manne. Mimi nitakuwa majini kando yake.

Mzee wenu