Tuwalinde wanaoandamwa mtandaoni, si wakubwa wanaokosolewa

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu juma lililopita akitaka kila anayemtukana mwenzake mtandaoni afungwe jela. Siku mbili baadaye mwingine akamjibu kwamba asiyetaka kutukanwa na azime simu yake. Nimewasoma wote wawili kwa makini. Nilikuwa karani katika mahakama ya hakimu huku Pwani ya Kenya hadi nilipostaafu, na faili za kesi hizi zimepita mikononi mwangu: nyingi za walioshtakiwa kwa kuwatukana wakubwa, chache mno za watu wa kawaida walioandamwa. Ndiyo maana naomba nafasi.

Nianze na huyu wa kuzima simu. Mpwa wangu aligombea uwakilishi wadi mwaka 2022. Alipopata tiketi ya chama, haikupita wiki picha ikaanza kusambazwa: kichwa chake kimebandikwa kwenye mwili wa mwanamke asiye na nguo. Iliingia kwanza katika kundi la WhatsApp la wadi, ikaenda kwenye kundi la wazazi wa shule ya mwanawe, ikafika hadi kwenye kundi la kamati ya harusi ya binamu yake, ambamo wakwe zake walikuwamo. Kisha zikaja sauti zilizorekodiwa. Mmoja wa waliozituma alitaja saa ambayo mtoto hutoka madrasa na uchochoro anaopita kurudi nyumbani.

Angezima simu ingemfaa nini? Picha ingeendelea kutembea vilevile, ila yeye peke yake ndiye angekuwa hajui nani kaiona na nani hajaiona. Na mgombea wa wadi bila simu hana kampeni, kwa sababu wapiga kura humpata humo, michango huingia humo na mawakala hupangwa humo. Anayemwambia mwanamke kama huyo azime simu anamwambia arudi jikoni, hata kama hakukusudia.

Alikwenda kituo cha polisi akapewa nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Afisa aliyemhudumia alimwuliza picha hiyo alikuwa amempigia nani. Alipoeleza kwamba mwili ule si wake, akajibiwa, "Siasa ni ya wenye moyo, dada. Uchaguzi ukiisha na hayo yataisha." Nambari zilizotuma zile sauti hakuna aliyeziandika, ingawa laini za simu nchini husajiliwa kwa kitambulisho na mwenye laini hutafutwa akapatikana pale polisi wanapotaka kumpata. Mpwa wangu akaacha kuhudhuria mikutano ya usiku, na huku kwetu usiku ndio kura zinapoombwa hasa. Alishindwa. Sisemi picha ndiyo iliyomshinda. Nasema hakupata nafasi ya kuomba kura kama wanaume alioshindana nao, na hilo ni jambo linaloihusu dola.

Kwa hiyo mimi si katika wale wanaosema kinachotokea mtandaoni kibaki mtandaoni. Kitisho ni kitisho, kiwe kimeandikwa kwenye karatasi ya daftari na kusukumwa chini ya mlango au kimetumwa kwa sauti saa nane za usiku.

Lakini anayetaka jela kwa kila tusi, naye namwomba anisikilize. Sheria anayoitaka tunayo tayari. Ni Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018. Kifungu cha 27 kinasema anayewasiliana na mwenzake kwa namna ya kumtia hofu ya kudhuriwa, au inayomwathiri vibaya, au ya kukirihisha kupita kiasi, anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 20 au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Soma hapo tena. Hofu ya kudhuriwa tunaielewa sote. "Kumwathiri vibaya" mtu ni kufanya nini? Mbunge aliyeambiwa ukweli kuhusu barabara ya kijijini kwao ameathirika vibaya. Gavana aliyechorwa katuni amekirihika. Maneno mapana kama haya humfaa mwenye nambari ya simu ya mkubwa wa polisi, na mpwa wangu hakuwa nayo.

Sasa weka kando ya kifungu hicho kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo, kinachohusu kusambaza picha za faragha au za uchi za mtu mwingine. Adhabu yake ya juu ni faini ya shilingi 200,000 au miaka 2 jela, au vyote viwili. Yaani ukimwandikia mtu maneno ya kumkirihisha unaweza kutozwa mara 100 ya anayotozwa aliyeusambazia mtaa mzima uchi wa mwanamke. Nilipokisoma kifungu hicho mara ya kwanza nilidhani mpiga chapa amekosea tarakimu. Nikatafuta nakala nyingine, ikasema vilevile.

Niwaeleze pia jinsi sheria hii inavyotumika, maana karani huona ambayo wasomaji wa magazeti hawayaoni. Katiba, ibara ya 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa mahakama, afikishwe siku inayofuata ya kazi. Ndiyo maana kijana aliyemtukana mkubwa kwenye Facebook hukamatwa Ijumaa jioni. Hulala Ijumaa, Jumamosi na Jumapili katika seli, na Jumatatu faili lake liko juu ya meza yangu. Mara nyingi kesi haifiki hata kwenye ushahidi. Mlalamishi hatokei, upande wa mashtaka unaomba tarehe nyingine, kisha tarehe nyingine tena, na mwishowe hati ya mashtaka inaondolewa. Hakuhukumiwa na mtu yeyote, lakini kifungo alishakitumikia wikendi ile, na simu yake imebaki kwa polisi kama kielelezo.

Na wengine hawafiki hata hiyo Jumatatu. Albert Ojwang', mwalimu, alichukuliwa Homa Bay mwezi Juni 2025 kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni yaliyomhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi. Akasafirishwa hadi Nairobi, na tarehe 8 Juni alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani ndani ya seli. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwani na dalili za kukabwa shingo. Lalamiko lililoanzisha safari ile lilikuwa la mtu kuharibiwa jina. Nikisikia msomaji anaomba polisi wapewe nguvu zaidi juu ya maneno, nakumbuka kwamba mwalimu huyo alikuwa na baba aliyetoka kijijini kumfuata mwanawe akiwa hai.

Mahakama zetu zimeliona tatizo hili zamani. Aprili 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichokuwa kikiwanasa watu kwa "matumizi yasiyofaa" ya mitambo ya simu. Februari 2017 ikaondoa kashfa katika makosa ya jinai, ikisema aliyechafuliwa jina aende kudai fidia kwa njia ya madai. Na mwaka 2025, wiki moja tu baada ya Rais kutia saini marekebisho yaliyokipanua hicho kifungu cha 27, mwimbaji Reuben Kigame na shirika la haki za binadamu la KHRC walikwenda mahakamani, na tarehe 22 Oktoba baadhi ya sehemu za kifungu hicho zikasimamishwa kwa muda. Wapo waliolalamika kwamba majaji wanawatetea wenye matusi. Hao hawakuona seli za Ijumaa.

Ninalolitaka mimi limo ndani ya kifungu cha 27 chenyewe, kwenye vijifungu vya chini ambavyo hakuna anayevisoma. Pale pameandikwa kwamba mtu anaweza kuomba amri ya mahakama ya kumzuia anayemwandama asiendelee, wala asiwatumie watu wengine kuendelea kwa niaba yake. Hilo la watu wengine ni muhimu sana, kwa sababu siku hizi wapo vijana wanaolipwa kumvumishia mtu uchafu, na aliyelipa hukaa kimya kama hahusiki. Mahakama inaweza kutoa amri ya muda na inatakiwa kuamua ombi ndani ya siku 14. Ombi linaweza kupelekwa hata nje ya saa za kazi, na mtu mwingine anaweza kuliwasilisha kwa niaba ya mlalamishi. Mahakama inaweza pia kuiamuru kampuni ya simu itoe maelezo ya mwenye laini. Anayekaidi amri atatozwa faini ya hadi shilingi milioni moja au kufungwa hadi miezi sita. Hiki ndicho mpwa wangu alichokihitaji. Hakutaka mtu aozee jela. Alitaka zile sauti zikome na awajue waliozituma.

Ila kuna neno moja limeziba njia. Amri hiyo hutolewa dhidi ya mtu "aliyeshtakiwa". Maana yake, polisi wasipofungua mashtaka, mlango wa mahakama haufunguki, na sote tunajua polisi hufungua mashtaka ya nani. Linganisheni na Sheria ya Ulinzi dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya mwaka 2015. Mke anayepigwa anakuja mwenyewe kaunta, anajaza fomu, anaapa hati ya kiapo, na hakimu anaweza kumpa amri ya muda siku ileile bila kumngoja mume. Nimewapigia mihuri wanawake wengi amri kama hizo. Utaratibu upo, mahakimu wanaujua, makarani wanaujua. Kwa nini anayetishiwa mtoto wake kwa simu asipite kaunta hiyohiyo?

Naliomba Bunge lifanye mambo mawili. Liondoe neno "aliyeshtakiwa" ili mwathiriwa aende mahakamani moja kwa moja. Na lichukue ukali wote uliolundikwa juu ya maneno ya kukirihisha liupeleke kwenye vitisho na picha za uchi, zikiwemo za kuungwaungwa kama ile ya mpwa wangu. Tusi tupu, hata liwe chafu vipi, litoke katika jinai. Anayetukana tusi chafu ana aibu yake, mwenye jina la kulinda ana mahakama ya madai, na afisa wa serikali anayekosolewa ana uwanja mpana wa kujibu. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na picha za kutengenezwa sasa zinatoka zikiwa safi kiasi kwamba hata mama mzazi anaweza kudanganyika. Mpwa wangu ameniuliza kama agombee tena. Nimemwambia agombee, lakini nisingependa aingie akiwa na ulinzi uleule wa nambari ya OB.

Hadi sheria itakaporekebishwa, nawaachia wanaoandamwa leo nilichojifunza kaunta, kwa sababu nimeona malalamiko ya kweli yakianguka kwa kukosa karatasi. Usimjibu anayekuandama. Usiufute ujumbe wake wala usitoke kwenye kundi kabla hujapiga picha ya skrini inayoonyesha nambari ya simu yenyewe, tarehe na saa. Jina ulilolihifadhi kwenye simu halimtoshi hakimu. Sauti zihifadhi kama zilivyokuja. Kisha ndipo umzuie. Ukienda saiba, yaani duka la kompyuta, kuchapisha, kumbuka kwamba Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza ni kifaa gani kilichotoa nakala hizo na nani aliyezitoa, na akitie saini. Bila cheti hicho wakili wa upande wa pili atasimama tu aseme "napinga," na bahasha yako yote itakaa kando. Kiandikeni mapema, siku ileile, hata kabla ya kwenda kituoni.

Karani mstaafu wa mahakama,
Kisauni, Mombasa
(Jina nimemwachia mhariri.)