Risala ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Simanjiro, kwa Mgeni Rasmi katika Siku ya Afya ya Macho Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa halmashauri,
Malaigwanani, wazazi na watoto wetu,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kukubali kuja kuwa nasi. Risala yetu ina jambo moja: watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi ya jicho, au wanaoupata wakiwa bado wadogo, katika vitongoji ambavyo gari hufika kwa shida. Upasuaji wao upo, unafanyika KCMC Moshi, hospitali ya rufaa ya kanda yetu. Wanachokosa ni kufika mapema, na kurudi kliniki baada ya kupasuliwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mzee mwenye mtoto wa jicho akisubiri mwaka mzima ndipo akapasuliwa, kwa kawaida bado ataona. Kwa mtoto mchanga sivyo. Ubongo hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo ya maisha. Picha isipoufikia, unaliacha jicho hilo, na baadaye hata ukungu ukiondolewa haulitumii ipasavyo. Aliyezaliwa na ukungu mzito anatakiwa awe amepasuliwa akiwa na umri wa miezi 2 hivi. Akifikishwa ana miaka 4, macho yameshaanza kuchezacheza yenyewe, daktari atamsaidia, lakini sehemu ya uoni imeshapotea.

Ndiyo maana tunang'ang'ania chanjo ya wiki ya 6. Mtoto aliyezaliwa bomani mara nyingi hapo ndipo anapoonwa na mhudumu kwa mara ya kwanza, iwe zahanati au kwenye huduma ya mkoba chini ya mti. Kazi yenyewe ni ya dakika moja. Mama ampakate mtoto kivulini, mhudumu amulike kila jicho kwa tochi ndogo. Mboni ikiwa nyeupe au ya kijivu, hata kwa jicho moja tu, rufaa iandikwe siku hiyohiyo. Weupe huo unaweza pia kuwa saratani ya jicho, ambayo huua, kwa hiyo kumpa mama matone "ajaribu wiki mbili kwanza" ni kosa kubwa. Jicho lililo kubwa kupita kawaida, linalotoa machozi na kukimbia mwanga, huenda lina presha ya jicho, nalo halingoji. Na mtoto wa miezi 3 asiyefuata uso wa mama yake kwa macho apelekwe, hata kama mboni inaonekana nyeusi. Majani na maziwa yasitiwe machoni kabisa: huleta kidonda kwenye kioo cha jicho, na hapo tatizo moja linakuwa mawili.

Baada ya rufaa kuandikwa, karatasi hukaa bomani. Mama hawezi kuondoka bila ruhusa, na baba yuko na mifugo mbali, hasa kiangazi. Tumeona kwamba kumweleza mama peke yake hakutoshi; lazima baba atafutwe, aelezwe kwa Kimaasai, na ikiwezekana na mzazi ambaye mtoto wake ameshapasuliwa. Swali la kwanza karibu kila mara ni kama jicho hung'olewa, likasafishwa, likarudishwa. Halitolewi. Daktari hupasua mlango mdogo na kuondoa lenzi iliyoingia ukungu. Kwa mtoto hufungua pia utando wa nyuma yake, kwa sababu ukiachwa huota ukungu haraka.

Mtoto hawezi kutulia kwa ganzi ya jichoni kama mtu mzima, hupewa nusu kaputi, yaani hulazwa usingizi kwa dawa. Ndiyo sababu haiwezekani kumfanyia kwenye kambi ya macho ya siku moja, na ndiyo sababu safari nyingi huharibika dakika ya mwisho. Chakula, uji na maziwa ya ng'ombe vikome muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, maziwa ya mama muda wa saa 4 kabla, maji matupu muda wa saa 2 kabla. Bibi akimwonea huruma mjukuu akampa uji alfajiri, upasuaji unaahirishwa, maana akitapika usingizini chakula huweza kuingia mapafuni. Mtoto mwenye homa au kikohozi naye huahirishwa, kwa hiyo tunapiga simu hospitali kabla hajapanda basi. Kila siku inayoongezeka Moshi inakula fedha ya chakula na malazi, na familia ikiishiwa hurudi nyumbani na mtoto vilevile alivyokuja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yanayofuata baada ya upasuaji ndiyo yanayotuumiza zaidi. Familia huona mboni imekuwa nyeusi, hufurahi, na kudhani kazi imekwisha. Bado kuna matone ya wiki kadhaa: mikono ioshwe, mtoto alazwe chali, kope ya chini ivutwe, tone moja, na kama dawa ni mbili zipishane dakika 5. Jicho likizidi kuwa jekundu, likiuma au kutoa usaha, arudi hospitali siku hiyo. Wadogo sana mara nyingi hawawekewi lenzi ya bandia, hivyo bila miwani mizito hawaoni vizuri. Hata waliowekewa huhitaji miwani, na hubadilishwa kadiri jicho linavyokua. Tunaifunga kwa mpira nyuma ya kichwa. Kama jicho moja ni dhaifu, lililo zima hufunikwa kwa saa alizopanga daktari, kwa plasta juu ya ngozi. Kitambaa kwenye miwani hakifai, mtoto huchungulia pembeni. Atalia. Mama asipoandaliwa kwa kilio hicho, ataibandua siku ya pili.

Tunaomba, kwa hiyo, mambo machache. Kila kituo cha chanjo na kila safari ya mkoba viwe na tochi yenye betri, na safu ya "macho" katika daftari la wiki ya 6, ikionyesha pia kama ni wa kike au wa kiume, ili tujue kama wasichana wanaachwa nyuma. Gari la halmashauri litengewe siku moja kila mwezi kupeleka watoto kwa pamoja Moshi, wanaokwenda kupasuliwa na wanaorudi kliniki. Ombi tunalolisisitiza kuliko yote ni fungu la nauli ya kurudi kliniki katika bajeti ya halmashauri, kwa mzazi na mtoto, mwaka mzima wa kwanza. Hata pale matibabu yanaposamehewa, nauli haisamehewi, na nauli hiyo ndiyo inayomkosesha mtoto miwani yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.