Dar es Salaam–Dubai: ni masaa mangapi, na kwa nini saa za tiketi zinachanganya

Umbali wa angani kati ya uwanja wa Julius Nyerere na uwanja wa Dubai ni kama kilomita 3,980. Ndege kubwa ikishatulia juu hukata karibu kilomita 850 kwa saa, kwa hiyo ukigawanya unapata saa 4 na dakika 40. Tiketi inaonyesha kama saa 5 na nusu. Hujadanganywa: muda wa tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho, huisha inapoegeshwa Dubai. Humo mna kusubiri zamu ya kuruka, kupanda taratibu, njia za anga zisizonyooka, na foleni ya kutua.

Halafu kuna saa za ukutani. Dubai wako mbele yetu kwa saa moja, mwaka mzima. Ukiona ndege inatoka Dar 16:30 na kufika 23:00, usihesabu saa sita na nusu, toa moja. Kurudi ni kinyume: kutoka Dubai 10:00, kufika Dar 14:30, inaonekana saa nne na nusu, ongeza moja upate tano na nusu.

Kinachowakosesha watu ndege ni tarehe. Tiketi iliyoandikwa tarehe 12, 00:45, ni saa sita na dakika 45 usiku wa kuamkia tarehe 12. Maana yake utoke nyumbani tarehe 11 jioni, uwe Terminal 3 kufikia saa 3:45 usiku. Mtu anayesoma "tarehe 12" akaja usiku wa tarehe 12 anakuta ndege iliondoka usiku uliotangulia, na mara nyingi tiketi ya kurudi nayo inafutwa kwa sababu hakupanda ile ya kwanza. Ukikata tiketi ya usiku kwenye ofisi yetu, tunakuandikia pembeni kwa kalamu: siku ya kutoka nyumbani, kwa saa zetu za Kiswahili. Iangalie hiyo.

Je, upite Addis Ababa au Nairobi ili upunguze bei? Kilomita haziongezeki sana. Kupitia Addis jumla ni kama 4,280, kupitia Nairobi kama 4,230. Kinachokula muda ni kusubiri katikati. Transiti ya saa mbili ni nzuri kama tiketi ni moja na begi limefungwa lebo ya DXB (kifupi cha uwanja wa Dubai) tangu Dar. Isome lebo hiyo kaunta kabla begi halijaingia kwenye mkanda. Tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali ni jambo jingine kabisa. Mara nyingi utalazimika kupita uhamiaji, kuchukua begi na kulikabidhi upya, na huenda ukahitaji viza ya nchi unayopita. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kukusubiri wala kukubadilishia bure. Kwa mpango huo tunashauri nafasi isiyopungua saa sita. Ikikosekana, chukua ya moja kwa moja hata kama imezidi bei kidogo.

Kaunta za safari za nje kwa kawaida hufungwa dakika 60 kabla ya kuruka. Anayetoka Mbagala au Tegeta jioni ya siku ya kazi aanze safari mapema. Barabara ya Nyerere ikifunga, hakuna wa kukufungulia kaunta.

Na ukifika Dubai, mwambie anayekupokea namba ya ndege na terminal, si saa peke yake. Terminal 2 iko upande wa pili wa uwanja, mbali na 1 na 3.