Shukrani kwa mzee wa senti za shaba

Jamani naomba nimshukuru yule mzee wa kwenye maonyesho ya sarafu hapa Baltimore, jina hakutaja ila popote alipo Mungu ampe maisha marefu. Nilimwekea mezani senti yangu ya shaba ya 1803, zile kubwa za Marekani, akaacha biashara yake akavuta taa akaanza kuigeuzageuza taratibu, akanionyesha nywele juu ya paji la uso la yule mwanamke aliyechorwa kwenye sarafu na mikunjo ya nguo kifuani mwake maana hapo ndo panalika mapema, akasema kwa uchakavu peke yake inafika 20 kwenye skeli ya Sheldon, ile ya kupima hali ya sarafu kuanzia 1 mpaka 70. Halafu akanipa lenzi niangalie nyuma ya kichwa, kumbe pana vishimo vidogovidogo vya kutu, basi akaishusha hadi 12. Rangi ya kahawia iliyotulia ndo nzuri, ukiona shaba ya zamani ina upinki pinki wa ajabu ujue imesuguliwa na hapo hairudi tena. Hakunidai kitu wala hakutaka kuinunua. Shikamoo mzee wangu, ahsante sana sana, nimeihifadhi pakavu kama ulivyoniambia.