Barua kwa mwanangu: nukta nyekundu si moto

Moshi

Mwanangu Neema,

Huku nyumbani hatujambo. Umeandika kwamba unataka kusimamia utafiti wa moto wa nyika na misitu kwa setilaiti. Nimefurahi mno. Ila shika hili kwanza: msimamizi ni yule anayejua picha yake haikuona nini.

Chukua zile nukta nyekundu zinazoonyesha moto kwenye ramani za setilaiti. Chombo kiitwacho VIIRS, kilichofungwa kwenye setilaiti, hupita juu yetu majira ya saa nane mchana na saa nane usiku, kikisoma joto kwa pikseli za mita 375. Pikseli moja ni kama hekta 14, na nukta huwekwa katikati yake hata kama moto uko ukingoni. Kwa hiyo askari wa hifadhi mpe eneo la kutafuta, usimpe nukta moja. Moto uliowaka saa nne asubuhi ukazimwa saa sita chombo hicho hakitauona, na wingu zito huficha hata unaowaka. Tena bati lililopigwa na jua laweza kuzaa nukta ya uongo.

Kupima eneo lililoungua ni kazi nyingine. Tumia picha za setilaiti za Sentinel-2, kanda za 8A na 12 (za mwanga usioonekana kwa macho), pikseli za mita 20. Toa ya 12 kwenye ya 8A, kisha gawanya kwa jumla ya zote mbili. Tuseme vichaka vya erika, vile vya juu mlimani, vinasoma 0.30 kwenye 8A na 0.12 kwenye 12: jibu ni 0.43. Vikiungua vikasoma 0.12 na 0.20, jibu ni hasi 0.25. Tofauti ni 0.68, na kwa viwango vilivyozoeleka, kuanzia 0.66 huitwa moto mkali. Lakini viwango hivyo vilitengenezwa Marekani. Usiviamini Kilimanjaro mpaka uvipime kwa miguu.

Wengi huharibu kwenye picha ya kabla ya moto. Wanaichukua Mei, masika yameacha kila kitu kibichi, wanailinganisha na ya Oktoba. Ukavu wa kiangazi unahesabiwa kama moto. Chukua ya Septemba, au ya Oktoba ya mwaka uliotangulia. Ya baada nayo usiichelewe, maana vuli ikinyesha majivu huoshwa na machipukizi huanza. Na ukague makorongo: kivuli hufanana sana na mkaa.

Moto ulioanza 11 Oktoba 2020 pale Whona, Kilimanjaro, ulichoma takribani kilomita za mraba 95, yaani pikseli kama 237,500. Hakuna wa kuzitembelea zote. Chagua vituo kwa kura katika kila daraja la ukali, na kila kituo kizungukwe na pikseli za daraja lilelile, kwani GPS ya mkononi hukosea mita kadhaa. Ukifika, pima kina cha majivu, piga picha pande nne, kisha kwangua gome kwa kisu. Ukiona kijani chini yake, tawi hilo li hai, hata ramani iseme limekufa.

Picha hizo ni za bure; fedha huishia kwa wapagazi, chakula na vibali. Vya COSTECH (tume ya sayansi), TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na TANAPA (hifadhi za taifa) viombe mapema, kiangazi hakikusubiri.

Ukimaliza hesabu za 2020 niletee ramani, pamoja na sehemu ulizoziacha tupu kwa sababu ya mawingu. Hizo ndizo nitakazoanza kuzitazama.

Mama yako