Hujaniomba kitu: barua kwa mwanangu aliye Leipzig, Ujerumani

Muheza, 7 Desemba

Mwanangu mpendwa,

Nilitaka kuanza kama tulivyofundishwa shuleni, kwamba mimi ni mzima wa afya njema, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali nami. Nimeandika, nikafuta. Safari hii hofu ninayo kweli, sitaki ifanane na ile ya mazoea.

Najua utashangaa Baba kushika kalamu wakati simu ipo. Lakini simu ya nyumbani kwetu unaijua. Mama yako anaanza, shangazi yako anaipokonya, watoto wa jirani wanataka kukupungia mkono, ikinifikia mimi kifurushi kimekwisha. Na mbele ya kadamnasi hiyo utasema nini zaidi ya "mzima, Baba"? Basi nimeandika. Mdogo wako atapiga picha ukurasa mmoja mmoja akutumie.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Mwaka 1984 nilikwenda kidato cha tano, shule ya bweni mkoani Tabora. Kwetu hakuna aliyewahi kusoma mbali kiasi kile. Muhula wa kwanza nikaugua malaria, na uji wa asubuhi ulikuwa na wadudu wengi kuliko sukari. Nikaandika nyumbani: mimi mzima, masomo yanaendelea vizuri, wasalimie wote. Nusu ukurasa. Barua ile ilichukua karibu wiki tatu njiani, hata ilipofika nilikuwa nimeshapona malaria ya kwanza na nimeanza ya pili.

Bibi yako, huyo ambaye jina lake umelibeba wewe, hakujua kusoma. Aliyemsomea ni jirani aliyekuwa karani wa chama cha ushirika. Alipomaliza, bibi yako akasema rudia. Karani akarudia. Akamuuliza, "Hajaomba kitu? Hata sabuni?" Karani akasema hapana. Mama akasema, "Basi mwanangu mgonjwa. Mtoto wa bweni asiyeomba kitu ni mgonjwa." Kesho yake akauza iliki yote aliyokuwa ameianika, hata ile ambayo haijakauka sawasawa, akampa mjomba nauli. Mjomba akanikuta wodini.

Sasa wewe, mama. Septemba uliniomba koti. Oktoba uliniomba nimwulize mama yako namna ya kupika maharage bila nazi, ukalalamika kwamba baridi inakata masikio, na kwamba umeletewa barua ya kulipia redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, wakati chumbani kwako hakuna hata redio ya betri. Nilicheka sana siku ile. Nikakwambia sisi nasi kila mwezi tukinunua umeme wa LUKU tunakatwa kodi ya jengo, kwa hiyo usidhani serikali za huko ndizo zenye akili peke yake. Tangu Novemba ya katikati, lakini, naletewa picha tu. Wewe na theluji, wewe na kituo cha treni, wewe na kikombe cha kitu chenye moshi sokoni kwa Krismasi. Meno yote nje. Hujaomba kitu, hujalalamika chochote. Nikamkumbuka bibi yako.

Nikambana mdogo wako, naye akasema. Usimgombeze, nilimnyima chaji siku mbili.

Kwa hiyo najua. Najua kuwa katika masomo manne uliyokwenda kuyasoma, moja limehamishiwa semista yao ya kiangazi wakati wewe utakuwa umesharudi, na kwamba ulipata jingine la kuziba pengo, ila idara yako ya huku haijajibu barua pepe zako tangu Oktoba. Najua unaogopa kukeri, yaani kulibeba somo hadi mwaka mwingine, na kwamba siku nyingine hutoki chumbani, unakula mkate na chai. Haya yote aliyajua mtoto wa kidato cha tatu, mimi niliyekulipia ada tangu chekechea sikuyajua.

Nisikilize kwanza kwa hili la somo. Ule mkataba wa masomo uliosaini kabla ya kuondoka una sahihi tatu: yako, ya chuo chako, na ya chuo cha huko. Sahihi tatu maana yake mzigo ni wa watu watatu, na wewe umeubeba peke yako wiki sita. Mwandikie mratibu wa huko na wa huku katika barua pepe moja, kila mmoja aone kuwa mwenzake anaona. Utashangaa watu wanavyojibu haraka wakijua wanatazamwa. Kisha nitumie mimi maelezo ya somo jipya, huo mkataba, na zile barua ambazo hazikujibiwa, zikiwa na tarehe zake. Jumatatu napanda basi la alfajiri kwenda Dar. Nitakaa kwenye benchi la nje ya ofisi yao mpaka mtu anisemeshe. Mimi ni mstaafu, sina haraka. Najua una miaka 22 na utaona aibu baba kwenda chuoni kama mzazi wa mtoto wa darasa la tatu. Nitavaa suti.

Na ikishindikana, utakeri. Somo moja. Kuna wenzako wanakeri wakiwa hapa hapa, wanakula wali wa mama zao.

La pili ni hilo giza, na hapa inabidi nikiri. Nimefundisha Jiografia miaka 31. Nimechora dunia ubaoni imeinama nyuzi 23 na nusu, nikawauliza watoto kwa nini Desemba kaskazini mchana ni mfupi, na aliyekosea akasimama. Sikuwahi kuelewa nilichokuwa nafundisha. Sisi tuko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta. Jua letu linachomoza na kuzama kama mtu anayekwenda kazini. Sikujua kuwa mwinamo ule maana yake ni binti yangu kutoka darasani saa kumi jioni akakuta jua limeshazama, na kesho yake kuamka saa moja na nusu asubuhi bado halijachomoza. Mdogo wako aliponiambia, nilidhani ametia chumvi. Sasa nimekaa nikahesabu: saa nane za mwanga, na hizo mara nyingi zina wingu. Mtu yeyote angezubaa. Basi saa sita mchana, vaa hilo koti utoke, utembee hata nusu saa, ukachukue hicho kidogo kilichopo. Usisubiri mpaka ujisikie kutoka.

La mwisho, ile picha ya jikoni kwenu, uliyoshika sufuria. Mama yako aliangalia ugali uliosonga kwa semolina, akasema umepwaya. Mimi niliivuta picha karibu kwenye dirisha. Nyuma yako kuna chungu chenye ua dogo la zambarau, katikati lina vitone vya manjano, majani yake yana vinyweleo kama sikio la mwanambuzi. Nikasema huyu namfahamu. Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi msitu wa Amani, tukishuka kwenye kijito, ndipo tunalikuta, limeng'ang'ania mwamba kivulini pale maji yanaporusha ukungu. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani pale Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea wa Hannover akalipa jina la kisayansi kwa heshima yao, Saintpaulia. Lakini watu wa kawaida huko wanaliita Usambaraveilchen, milima yetu ya Usambara imo ndani ya jina. Wanaliuza madukani, wanawapa bibi zao.

Usidhani nataka kukufananisha na ua. Ua halina mtihani Februari. Ninachotaka ni umtafute mwenye hicho chungu. Ulisema kwenye korido yenu kila mtu anapita na salamu moja kavu na kufunga mlango. Wewe gonga. Mwambie hili ua ni la kwetu, nyumbani halimwagiliwi, linakaa kwenye mwamba. Na mwambie asilimwagie maji baridi juu ya majani, yanatia madoa. Kama naye ni mgeni, mtakuwa wawili. Kama ni Mjerumani, atataka kujua zaidi kuhusu maji.

Mdogo wako ameshakuja na simu, anasema mwandiko wangu wa ubaoni unamaliza kurasa. Leo nitapiga saa tatu usiku za huku, ambazo kwenu ni saa moja. Nitakuwa nje chini ya mwembe, peke yangu, na kifurushi nimejiunga cha kutosha. Tafadhali uwe na kitu cha kuniomba.

Wako,
Baba