Mhariri, mmewasahau wenye spana

Mhariri,

Nimesoma stori yenu ya ile timu ya Wood Brothers ya kule Marekani, wale wa NASCAR, mbio za magari za huko, na nilifurahi juu kurasa zenu za michezo kawaida ni mpira, mpira, Formula 1 kidogo halafu mpira tena. Lakini bana, mmeandika madereva toka juu mpaka chini, David Pearson huyu, Cale Yarborough yule, A.J. Foyt, kama vile hayo magari yalikuwa yanajitengeneza yenyewe usiku watu wakilala. Mimi ni fundi, gereji yangu iko chini ya mwembe na kabla yangu ilikuwa ya mzee wangu, kwa hivyo hiyo kitu iliniuma kidogo.

Hiyo timu ni ya ndugu watano, Glen, Leonard, Delano, Clay na Ray Lee, watu wa Stuart, Virginia, kamji kadogo hapo chini ya milima ya Blue Ridge. Glen alikuwa anapasua mbao ndio apate mkate. Na gereji yao ya kwanza mnajua ilikuwa nini? Mti. Mti mkubwa nyumbani kwa baba yao, mnyororo unatupwa juu ya tawi, injini inafungwa, vijana wanavuta mpaka inatoka. Nilipojua hivyo nilicheka peke yangu, juu hata mimi kreni yangu ni tawi.

Mwaka 1950 Glen na rafiki yake wakanunua Ford ya 1938 kwa dola 50, wakaenda nayo mashindano ya mtaani, ikagongwa ekseli ikaharibika, na wakiwa wanaivuta kurudi nyumbani ikashika moto njiani. Hapo ndio timu ilianzia. Mtu mwingine angesema ni mkosi arudi kwa mbao zake. Hawa walirudi, na toka siku hiyo hawajawahi kuacha Ford, hadi leo, na namba yao ni 21.

Glen mwenyewe alikuwa dereva mzuri, alishinda mbio 4 za daraja la juu, zote Bowman Gray pale Winston-Salem, kibarabara cha robo maili tu kinachozunguka uwanja wa mpira wao. Lakini aliona mapema kwamba kipaji kikubwa cha hiyo familia hakiko kwa usukani, kiko kwa mdogo wake Leonard, yule ambaye akiwa na miaka 13 alitengeneza kigari akakitia injini ya mashine ya kufulia nguo.

Sasa mniache hapa niongee kidogo. Zamani hizo gari likiingia piti, pale linasimama katikati ya mbio kuongezwa mafuta na kubadilishwa tairi, ilikuwa ni kama limekuja kunywa chai, mmoja anatafuta jeki, mwingine anapangusa kioo. Ndugu hawa wakapiga hesabu rahisi. Gari likikimbia kilomita 290 kwa saa, sekunde moja ni mita 80. Ukiokoa sekunde tano kwa kubadilisha tairi umempa dereva wako mita 400 bila kugusa injini! Kwa hivyo wakafanya mazoezi vile watu wa mpira wanafanya, kila mtu na kazi yake, kila mtu anajua atasimama wapi, na hao ni watu walikuwa na kazi zingine mchana, gari ni jioni.

Daytona 500 ya 1963, hizo mbio kubwa kuliko zote za NASCAR, ndio mngeandika vizuri. Dereva wao Marvin Panch alipata ajali akijaribu gari lingine, likapinduka likawaka, na mmoja wa waliomtoa kwa moto ni jamaa mkubwa wa mwili walimuita Tiny, yaani Kadogo, Tiny Lund. Panch akiwa hospitali akawaambia wampe Lund lile gari. Wakampa. Akashinda kwa seti moja ya tairi mbio nzima, na aliingia kuongeza mafuta mara moja chini ya wenzake. Dereva alikuwa shujaa sawa, lakini hiyo hesabu ya mafuta ilipigwa na nani?

Mwaka 1965 wakaitwa mbio za Indianapolis 500 wamhudumie dereva wa Formula 1, Jim Clark, kwa Lotus yenye injini ya Ford, gari ambalo hawakuwa wamelizoea. Leonard akalikagua tanki la kujazia mafuta, akahakikisha yanashuka mbio, na Clark akaingia piti mara mbili tu, zote mbili pamoja hazifiki dakika moja, akashinda. Mwaka huo huo, Pasaka, huku kwetu Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Joginder naye alijifunza kazi kwa gereji ya baba yake. Hiyo hamkuiunganisha, na ilikuwa hapo hapo mbele yenu.

Halafu mmeandika ati timu "ilififia". Kweli pesa ilikuwa shida, kuna miaka hawakukimbia msimu mzima, na karakana ilihama kwenda North Carolina, Stuart ikabaki na makumbusho. Lakini 2011 kijana Trevor Bayne, miaka 20 na siku moja, aliwashindia Daytona 500 yao ya tano. Ushindi wa 99 ukaja 2017 na Ryan Blaney, kisha wakangoja miaka saba kupata wa 100, Daytona tena, Agosti 2024, na Harrison Burton ambaye alikuwa ameshaambiwa msimu ukiisha anaachia kiti. Glen hakuuona, alifariki 2019 na miaka 93. Madereva wameingia wametoka, saa hii mjukuu wake Jon ndio anaendesha ofisi.

Ombi langu ni moja. Safari ikirudi Naivasha, mtume mwandishi mmoja asiende kwa jukwaa la kumwaga shampeni. Akae na mafundi usiku, wakati gari limeletwa bila bampa na saa inahesabu, aandike majina yao, na ayaandike bila kukosea.

Fundi, Machakos